Msimtie Mtoni

Kwako Mlezi, Mbale,

Barua yako nimeisoma yote, dada yangu, na kabla ya lolote nataka ujue kwamba hukumharibu samaki wa kaka yako. Alipokwenda kazini Dubai alikuachia tangi la vioo lenye flawahoni mmoja. Umemlisha, umembadilishia maji, na bado kila akipiga simu ya picha ni lawama: "Kok imeshuka! Umemfanya nini?" Mumeo analalamikia umeme, samaki amemng'ata mtoto kidole, na mjomba wenu wa Jinja amekata shauri kwamba aletwe kwake atiwe Nile, kwa kuwa maji ni mengi na atajitafutia. Unauliza umsikilize nani.

Tuanze na maneno ya kaka, maana ndiyo yanayokunyima usingizi. Kok ni ile nundu ya kwenye paji la uso wa samaki. Ndani yake mna mafuta na majimaji, na ukubwa wake kwanza ni wa kurithi. Hupungua samaki akipata baridi, akitishwa, akiugua au akilishwa vibaya, na huweza kurudi mambo yakitengemaa. Hakuna chakula cha pakiti kitakachoikuza kupita pale alipojaliwa na wazazi wake. Lulu ni vile vidoa vinavyometameta mwilini. Maua ni mabaka meusi yaliyojipanga ubavuni.

Kuhusu Kamfa na Zhen Zhu, hizo ni koo mbili za samaki huyohuyo. Wafugaji humtambua Kamfa kwa macho meupe au ya manjano yaliyozama kidogo, na mapezi marefu yanayoufunika mkia. Zhen Zhu ana macho mekundu na lulu nyingi. Unasema wa kwenu aliuzwa kama "Kamfa daraja la kwanza" na macho yake ni mekundu kabisa. Basi yaelekea ni Zhen Zhu, au ni mchanganyiko, na wachanganyiko wamejaa sokoni. Daraja la kwanza ni maneno ya muuzaji, hakuna ofisi inayolipima wala kulitolea cheti. Kama kaka yako alipunjwa, alipunjwa siku ya kununua, wewe hukuwepo.

Sasa afya yake. Mbale iko chini ya mlima Wanale, na usiku unaujua ulivyo, hasa mvua ikinyesha mlimani. Samaki huyu anataka maji ya nyuzi 26 hadi 30. Umeniandikia kwamba hita iliharibika na hukuirudishia, ili kupunguza bili. Hapo ndipo ningetafuta sababu ya nundu kushuka kabla sijatafuta kwingine. Nunua hita inayojizima yenyewe joto likitosha, weka na kipimajoto, na ulifunike tangi kwa kioo juu ili joto lisitoroke, bili itapungua. Umeme ukikatika, lizungushie blanketi. Usitie mkono majini kabla ya kuchomoa hita ukutani, na mtoto asitie mkono kabisa. Samaki huyu hana chuki na mwanao. Analinda mahali pake, na kila kiingiacho humo kwake ni adui. Ndiyo maana aliwaua wale wawili uliomletea kama wenzake. Akae peke yake.

Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha au utie dawa ya kuiondoa. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Sponji ya chujio ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani, kwa sababu bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wanaishi humo na klorini itawaua. Mlishe mara mbili kwa siku, kiasi anachokimaliza kwa dakika mbili. Ukiona kinyesi cheupe chenye nyuzi, au vishimo kichwani, huo ni ugonjwa wa kumpelekea daktari wa mifugo mapema.

Nimeyapita hayo upesi kwa sababu linaloniuma ni la mjomba.

Flawahoni hakuumbwa na mto wowote. Wafugaji wa Malaysia na Taiwan walimpata katika miaka ya 1990 kwa kuchanganya siklidi wa Amerika ya Kati, ambao ni wa ukoo mmoja na ngege na nkejje wetu. Wachina wakamwita luohan, na watu wakamweka dukani na sebuleni kwa imani kwamba analeta bahati. Wengine walisoma namba za bahati nasibu kwenye mabaka yake. Bei ikapaa, kisha ikaporomoka, na wengi wakafanya lile alilolisema mjomba. Singapore akaonekana kwenye mabwawa ya maji. Kisiwani Sulawesi, Indonesia, aliachiwa katika ziwa Matano, ziwa la kale lenye samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Huko amezaana, ameenea, na anawala samaki wenyeji. Kwa hiyo usikubali ukiambiwa kwamba mchanganyiko hazai. Madume wengi wa Kamfa ni tasa, ni kweli, lakini majike hutaga na madume wengine hurutubisha.

Na sisi wa huku tunalijua jambo hili kuliko Sulawesi. Katikati ya miaka ya 1950 sangara, mnayemwita mputa, alipandwa ziwa Kyoga, na akaingia ziwa Victoria pia. Waliomleta walitaka samaki mkubwa wa kuuza, na kwa hilo walifanikiwa. Miaka ya 1980 akafurika, viwanda vya minofu vikajengwa, watu wakapata kazi. Lakini nkejje, wale samaki wadogo walioujaza mwambao wote, wakaisha kwa kasi ya kutisha. Wataalamu wanakadiria kwamba aina kama 200 zilitoweka ziwani, na nyingine zilikuwa hazijapewa hata jina. Hizo ndizo nkejje zilizokaushwa kwa moshi, zikatwangwa, zikatiwa kwenye uji wa mtoto aliyedhoofu. Mama maskini hawezi kununua mnofu wa sangara mahali pa unga ule.

Nkejje hawakwisha wote. Pembeni mwa Kyoga kuna viziwa vilivyokingwa na mafunjo, ambavyo sangara hakuweza kuvienea. Kimojawapo ni Nawampasa. Huko kuna nkejje mwenye milia myeusi anayefugwa leo kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na watu wanamlipia. Kaka yako angemwona angempenda.

Hebu tazama njia ya maji. Nile ikitoka Jinja inaingia Kyoga. Mito ya Namatala na Manafwa ikishuka kutoka mlima Elgon inapita vinamasi vya Mpologoma na kuingia Kyoga hiyohiyo. Kwa hiyo awe ametiwa kwenu au kwa mjomba, safari ni moja, kuwaelekea hao wachache waliosalia. Na sheria ya Uganda inakataza kuachia samaki mgeni bila kibali.

Najua huwezi kumwambia mjomba "hapana" usoni. Nenda na zawadi yako, keti, umwombe akusimulie nkejje zilivyokuwa Jinja alipokuwa kijana, na nani aliziuza, na zilikwenda wapi. Ataisimulia habari hiyo vizuri kuliko nilivyoiandika mimi. Akimaliza, mwambie kwamba ndiyo sababu unaogopa kumtia samaki huyu mtoni. Akitaka kuuliza wenye elimu, Jinja ina kituo cha utafiti wa samaki tangu 1947, leo kinaitwa NaFIRRI, na anaweza kufika mwenyewe.

Kaka yako mpigie wewe, usingoje akupigie. Mwambie hita iliharibika na kwamba unahitaji fedha ya hita na ya umeme kila mwezi. Samaki huyu huishi miaka 8 hadi 12 na hufika sentimita 30, anahitaji tangi la lita 300. Huo si wema wa siku mbili ambao dada anaombwa aubebe kimya, akilaumiwa juu yake. Kama hawezi kutuma, akubali samaki apewe mfugaji mwingine. Mpe muda, mwezi mmoja unatosha, na mumeo ajue muda huo ili naye apumzike. Samaki akiugua ugonjwa usiopona, daktari anaweza kumlaza kwa mafuta ya karafuu yaliyotiwa kwenye maji, afe bila maumivu, azikwe shambani.

Akipatikana wa kumpokea, msimpe samaki pekee. Apewe tangi, hita, kipimajoto, ndoo mbili za maji yake yaleyale, na ile sponji ikiwa imelowa.