Dawa za Safari kwa Wakazi wa Kitandililo Wanaovuka Mpaka

Ukiwa Makambako, unapanda basi au treni ya TAZARA hadi Tunduma, ukivuka umeingia Zambia. Kwa wepesi huo, wengi huondoka bila kupita zahanati. Pita, tena wiki kadhaa kabla ya safari.

Njombe inaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi. Basi tuseme wazi. Kama unatumia ARV, mweleze mhudumu wa CTC (kliniki ya VVU) utakaa huko muda gani, akupe dawa za kutosha na za akiba, maana basi huharibika na fedha za mzigo uliouza huchelewa kulipwa. Chukua na kadi yako ya kliniki na barua ya mhudumu. Wapo wanaobandua lebo au kuhamishia vidonge kwenye kopo jingine ili abiria wenzao wasijue. Hofu hiyo tunaielewa, si ya kubezwa. Lakini kopo lisilo na jina ndilo linalozua maswali mpakani, na ukiugua ghafla daktari hatajua unameza nini. Kopo lenye lebo yake liviringishe kwenye nguo, uliweke kwenye mkoba unaokaa nao kitini. Afisa akitaka kulikagua, omba faragha.

Mwenye presha, kisukari au kifafa afanye vivyo hivyo. Insulini isiwekwe kwenye buti la basi, joto huiharibu.

Dawa za kikohozi zenye kodeini na vidonge vya tramadol hudhibitiwa vikali katika nchi nyingi. Nchini Zambia, watu wamewahi kukamatwa hata kwa dawa ya mzio yenye difenihidramini. Usibebe dawa ya mtu mwingine usiyoijua.

Nchi unayokwenda ikidai chanjo ya homa ya manjano, chanja angalau siku 10 kabla ya kufika. Tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote.

Malaria ndiyo tunayoisahau zaidi. Huku kwetu kwenye baridi ni haba, kwa hiyo miili yetu haijaizoea, na ikitupata bondeni hutuangusha vibaya. Beba chandarua chenye dawa na uulize kuhusu dawa za kinga. Homa ikikushika hata wiki kadhaa baada ya kurudi, usidhani ni mafua. Kapime siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu ulikotoka.