KUZIMA KOKE: KWA MAJI AO KWA GESI?

Wandugu wanafunzi, tumekwisha kujifunza kwamba tanuru la chuma halipewi makala ya mawe vile yanavyotoka chini ya udongo. Inafaa kwanza yapikwe mahali hewa haiingii, degre 1000 na zaidi, saa 16 mpaka 24 hivi. Gesi na lami zinatoka, inabaki koke. Abraham Darby alianza kuyeyusha chuma kwa koke kule Coalbrookdale, Uingereza, mwaka 1709. Kwetu Katanga, koke ya Wankie (leo Hwange) ililetwa Lubumbashi na treni, lakini ile ilikuwa juu ya shaba.

Sasa iko shida. Koke inasukumwa inje ingali nyekundu. Ikikutana na hewa inaanza kuungua, na kazi yote inakuwa majivu. Namna ya zamani ni sawa vile mama anavyomwagia maji makala ya mbabula: wagoni inapelekwa chini ya mnara, maji yanamwagika, dakika chache tu, kwisha. Ni njia ya bei nafuu, na mpaka leo viwanda vingi vinaifuata. Lakini tazameni lile wingu jeupe! Ndani yake mna vumbi, na ule moto wote umepotea bure. Tena maji yakigusa kaboni nyekundu yanazaa oksidi ya kaboni na idrojeni: C + H2O → CO + H2. Maana yake, koke kidogo inaliwa.

Mama mwingine hamwagi maji. Anatia makala ndani ya chungu na kufunika. Sulzer wa Uswisi walifuata wazo la namna hiyo miaka ya 1920, Warusi wakalikuza sana miaka ya 1960, kisha Wajapani wakanunua ufundi huo kwao. Koke inamiminwa kutoka juu ndani ya chumba kilichofungwa, na gesi isiyo na oksijeni, hasa azoti, inapulizwa kutoka chini. Gesi inatoka na degre 800 hivi, inapita kwenye mabomba ya maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini ya umeme. Gesi ikiisha kupoa inarudishwa chini tena, haitupwi. Kila tani ya koke inatoa karibu nusu tani ya mvuke. Wenye tanuru wanafurahi vilevile, maana koke ya maji inabeba unyevu leo mwingi, kesho kidogo, na mtu hajui kama anapima koke ao maji.

Basi, juu ya nini wote hawafanyi hivi? Bei. Mashini zake ni ghali sana. Tena gesi inayozunguka ina oksidi ya kaboni, na ikivuja inaua bila harufu. (Ni ile ile ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Wenye kulala enternati wasikie vema.)

Zoezi la mwaka wa nne: tani 1 ya koke inapoa kutoka degre 1000 mpaka 200. Kila kilo inatoa kilojuli 1,5 kwa degre moja. Maji yanahitaji 4,2. Kilo ngapi za maji zitatoka degre 20 mpaka 100? Sisi tumepata karibu 3570. Mwenye kupata hesabu ingine alete karatasi yake kwa mwalimu wa fizika.