Programu ya DOS Haihitaji Windows Nzima

Wanachuo wenzangu wa kompyuta, tuna ugonjwa mmoja: tukiletewa programu ya zamani, tunakimbilia mashine pepe. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho umenipa sababu ya kubishana na mazoea hayo.

Programu yenyewe ni CDS/ISIS ya UNESCO, toleo la DOS la miaka ya 1980, iliyogawiwa bure na kuenea sana kwenye maktaba za Afrika. Maktaba ndogo ninayoishughulikia imeweka humo orodha ya tasnifu za wanafunzi, na orodha hiyo haipo kwingine. Inafanya kazi kwenye kompyuta moja tu, kuukuu, yenye feni inayokoroma. Siku ikizima, tasnifu zitabaki rafuni, lakini nani atajua ipi iko wapi? Kuihamishia kwenye Windows mpya haiwezekani hivi hivi, maana Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS.

Mashine pepe ingefanya kazi, sikatai. Ila hiyo ni kompyuta nzima ya kuigiza: ina diski yake, mfumo endeshi wake, na kumbukumbu uliyoitengea hata kama imekaa tu. Ukiweka Windows XP humo, umerithi mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza Aprili 2014. Yote hayo kwa programu iliyozoea KB 640 za DOS! Ni kukodi basi kupeleka barua.

Kontena ni kitu kingine. Ni mchakato wa kawaida wa Linux uliozungushiwa ukuta, unaotumia kiini kilekile cha seva. Hapo ndipo wengi wanapojichanganya: wanadhani Docker itaendesha programu ya DOS yenyewe. Haiwezi, kiini ni cha Linux. Anayeielewa DOS ni DOSBox, na kazi ya kontena ni kumfungasha DOSBox na mipangilio yake yote, ili kila seva atakayopelekwa afanye kazi vilevile. Humo humo nimeongeza Xvfb, ambayo ni skrini isiyo na kioo, x11vnc ya kuisoma hiyo skrini, na noVNC ya kuileta kwenye kivinjari. Mkutubi anafungua kivinjari, anakuta menyu zake zilezile. Basi.

Kanuni moja usiivunje: data isikae ndani ya kontena. Faili za MST na XRF ziko kwenye folda ya seva, kontena linaunganishwa nayo tu. Ukilifuta jioni ukaunda jingine asubuhi, rekodi zipo. Na usiruhusu makontena mawili yaandike kwenye folda moja. Wasomaji wape nakala yao. Mlango wa noVNC nao usiuache wazi kwa intaneti.

Programu ya maabara inayodai kiendeshi cha Windows kwa ajili ya kifaa chake? Hapo rudi kwenye mashine pepe bila aibu.

Kwangu kontena ni kituo cha njiani. CDS/ISIS inatoa rekodi kwa muundo wa ISO 2709, na Koha inaupokea, ingawa namba za uga lazima zipangwe upya kufuata MARC. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa, uga kwa uga, mkutubi akiwa pembeni kunifafanulia vifupisho ambavyo hapa amebaki yeye peke yake anayevijua.