Koti na sketi ya mtihani

Binti wa Kerenge anayejiandaa kwa cheti cha VETA cha ushonaji atazoea gauni la kitenge mapema. Suti, yaani koti na sketi vya kitambaa kimoja, ndiyo inayomfunua.

Kitambaa kinunuliwe Korogwe mjini safari moja, kutoka jora moja. Kwa upana wa inchi 60 na mwili wa wastani, mita 3 zinatosha. Bitana ni mbali. Parokia ikitoa mita 2 leo na 1 mwezi ujao, rangi huenda zisilingane, na hakuna pasi itakayoficha.

Vipande vyote vipangwe kabla ya kukata, nyuzi za urefu zikielekea upande mmoja. Kazi ngumu ni mkono wa koti: kichwa chake ni kikubwa kuliko tundu la bega, hivyo ziada hukusanywa kwa sindano ya mkono, ikapigwa pasi, ndipo cherehani. Pasi ya mkaa huunguza upesi kitambaa chenye nailoni; kiwekewe juu kitambaa chenye unyevu.

Wafadhili hupenda kutoa vyerehani, nasi tunashukuru. Lakini suti ya kwanza karibu kila mara huharibika. Kamati itenge fedha za kitambaa cha suti mbili kwa kila mwanafunzi.