SOMO LA MWEZI: KUONJA BIA NYEUSI YA SHAMBANI YA UBELGIJI

Bwana mkulima, huenda ukauliza: bia ya Ubelgiji yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa ilipikwa na wakulima kwa nafaka ya mashamba yao, na shayiri ni zao la kwetu pia, huko Timau na Mau Narok. Ajuaye kuonja bia huyajua hata makosa yaliyofanywa ghalani.

Zamani, katika jimbo la Hainaut, karibu na mpaka wa Ufaransa, wakulima walipika bia wakati wa baridi, maana joto huiharibu. Waliiweka mpaka wakati wa joto, wakawapa vibarua kukata kiu. Ndiyo sababu huitwa saison, yaani majira kwa Kifaransa. Saison Dupont ya kijiji cha Tourpes, iliyo maarufu leo, ina rangi ya dhahabu na kileo 6.5 kwa mia. Bia nyeusi ni ndugu yake. Weusi hutokana na kimea kilichokaangwa kama kahawa. Basi usidhani kwamba nyeusi ndiyo kali zaidi.

Fuata hatua hizi:

1. Simamisha chupa siku moja ili hamira ituame. Tumia glasi safi isiyo na mafuta, kwa kuwa mafuta huua povu. Bia iwe baridi kiasi tu. Ulimi wenye ganzi hauonji.

2. Inamisha glasi, mimina polepole, kisha tazama. Povu liwe jingi na likae.

3. Nusa kabla ya kunywa. Tafuta harufu ya ganda la mkate, kahawa, matunda na pilipili manga. Hiyo pilipili haikutiwa. Hutokana na hamira.

4. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze. Mwishowe kinywa kibaki kikavu, maana hamira imekula karibu sukari yote. Ikibaki tamu sana, hamira haikumaliza kazi yake.

Funda chache zatosha. Hili ni somo la ulimi, si la kulewa.

Sasa yajue makosa. Siki kali maana yake hewa na vijidudu vimeingia. Lakini uchachu mdogo, kama wa maziwa lala, si kosa. Harufu ya kicheche maana yake chupa ilipigwa na jua. Ladha ya majivu maana yake kimea kiliungua. Harufu ya ukungu yaweza kutokana na nafaka iliyowekwa ghalani mbichi.

Kosa hili la mwisho ni letu sisi wakulima. Kimea ni punje iliyooteshwa, na punje iliyokufa haioti. Kwa hiyo kausha shayiri mpaka unyevu wa kadiri ya 13 kwa mia, wala usiikaushe kwa moto mkali.

Kabla ya kuuza, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye maji kidogo. Baada ya siku tano hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 95, mnunuzi wa kimea aweza kuikataa shayiri yako. Lakini shayiri iliyovunwa juzi huenda bado imelala. Ingoje majuma machache, kisha uijaribu tena. Ni afadhali ujue wewe kwanza nyumbani, kuliko kuambiwa na mnunuzi wakati gunia limekwisha kushushwa mlangoni kwake.