Una Tovuti ya Biashara? Usiache Daftari la Wateja Barabarani

Unakodisha vyumba Watamu, unapeleka wageni baharini kwa boti kutoka Malindi, au unauza korosho za Kilifi mtandaoni? Basi tovuti yako ina daftari la wateja: majina, namba za simu, nani kalipa ngapi. Daftari hilo ndilo hifadhidata, na matapeli wanalitafuta. Wakilipata, watampigia mgeni wako, wamtajie chumba na kiasi alichotuma, halafu wamwambie, "Malipo hayajaingia, tuma tena kwa namba hii." Ataamini, maana kila kitu kinalingana.

Mafundi wengi siku hizi hutumia programu ya Docker, inayoweka kila sehemu ya tovuti ndani ya kontena lake. Fikiria makontena ya bandari ya Kilindini: kila moja na mzigo wake, kila moja na mlango wake. Lakini kontena bila kufuli ni sanduku tu. Kaa na fundi wako mkague haya:

1. Hifadhidata isiwe na mlango wa nje. Kontena la tovuti pekee ndilo liongee nayo, kwa mtandao wa ndani. PostgreSQL kwa kawaida hutumia mlango namba 5432, na MySQL 3306. Angalia hapa: mlango uliofunguliwa kupitia Docker unaweza kupita ukuta wa usalama wa ufw, fundi akidhani ameufunga. Ajaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine.

2. Data ikae kwenye volyumu. Kontena likifutwa, data iliyomo ndani yake hupotea nalo. Weka pia nakala kila usiku kwenye seva nyingine, na mjaribu kuirudisha kabla ya msimu wa Desemba kuanza.

3. Neno la siri lisiandikwe ndani ya kodi. Liwe refu, na mafundi wawili wasitumie moja.

4. Anwani ianze na https. Let's Encrypt hutoa cheti bure. Kina muda wa kuisha, kwa hivyo kiwekwe kijisasishe chenyewe.

5. Usiulize PIN ya mteja kamwe. Ombi la malipo hufika kwenye simu yake, naye huweka PIN hapo hapo. Oda ikubaliwe tu seva yako ikipokea jibu la malipo na kiasi kikilingana. Picha ya meseji si ushahidi.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za watu zikivuja na kuwaweka hatarini, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue.

Kama huna muda wa yote leo, anza na la kwanza. Mpigie fundi umuulize: "Hifadhidata yangu inafikika kutoka nje?" Asipokuwa na uhakika, mwambie apime leo leo.