SOMO LA 9: KUTUMA FEDHA NG'AMBO



Huenda una mtoto anayesoma nje ya nchi. Huenda una ndugu aliyepelekwa India kutibiwa. Siku moja atahitaji fedha kutoka nyumbani. Je, utazituma kwa njia gani? Zitafika kiasi gani? Soma mfano huu.

Mama mmoja ni mkulima wa korosho katika Mkoa wa Mtwara. Binti yake anasoma chuo nchini India. Chuo kinadai ada ya masomo, rupia 104,000. Rupia ni fedha ya India. Ada isipolipwa kabla ya mwisho wa mwezi, binti hatafanya mtihani. Mama ameuza korosho zake zote. Ana shilingi 3,200,000. Hana nyingine.

Gharama ni mbili

Kwanza mama alikwenda kwenye duka la kutuma fedha. Ukutani palikuwa na tangazo: "Tuma fedha bila ada." Mama alifurahi. Lakini kabla ya kutoa fedha aliuliza:

"Mwanangu, nikikupa shilingi 3,200,000, kule India zitafika rupia ngapi?"

Karani alipiga hesabu. "Mama, rupia moja tunaiuza shilingi 32. Zitafika rupia 100,000."

Mama alishtuka. Zilipungua rupia 4,000. Akaaga, akaenda benki. Benki ilitoza ada ya shilingi 50,000, lakini rupia moja iliuzwa shilingi 30. Tazama hesabu:

Dukani: 3,200,000 ÷ 32 = rupia 100,000.

Benki: 3,200,000 – 50,000 = 3,150,000.
3,150,000 ÷ 30 = rupia 105,000.

Palipokuwa "bila ada" ndipo palipokuwa ghali! Tofauti ni rupia 5,000. Kwa bei ya benki, hizo ni shilingi 150,000.

Basi kumbuka: gharama ni mbili. Ya kwanza ni ada. Hiyo unaiona. Ya pili imo ndani ya bei ya fedha za kigeni. Hiyo huioni mpaka upige hesabu. Bei tulizotaja hapa ni za mfano tu. Bei halisi hubadilika siku hata siku. Kwa hiyo usiulize ada peke yake. Uliza kama mama huyu: "Zitafika ngapi?"

Jambo moja zaidi. Fedha za benki mara nyingi hupitia benki nyingine njiani. Benki hiyo nayo huweza kukata ada. Muulize karani: "Ada ya njiani analipa nani, mimi au anayepokea?" Ikiwa ni anayepokea, ongeza kidogo ili fedha zisipungue.

Vitu vinavyotakiwa

Karani wa benki alimwomba mama vitu hivi:

1. Kitambulisho cha Taifa.
2. Jina kamili la chuo na anwani yake.
3. Jina la benki ya chuo, namba ya akaunti, na namba ya utambulisho ya benki hiyo, iitwayo SWIFT.
4. Barua ya chuo ya kumpokea binti, na hati ya madai ya ada.

Mama aliuliza, "Barua ya nini tena? Fedha si zangu?"

Karani alijibu, "Ni zako, mama. Lakini sheria inatutaka tujue fedha zinatoka wapi na zinakwenda kufanya nini. Wezi na wala rushwa nao hutaka kupitisha fedha zao hapa."

Karani alisema kweli. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006. Kama unatuma fedha za matibabu, chukua barua ya hospitali na hati ya gharama. Ukienda bila karatasi hizi, utapoteza nauli na siku nzima.

Viwango vya mwisho

Kampuni za simu nazo hutuma fedha katika baadhi ya nchi za nje. Ni rahisi kwa fedha kidogo. Lakini kila huduma ina kiwango cha mwisho kwa mara moja na kwa siku. Fedha nyingi kama ada ya chuo huenda zikapita kiwango hicho. Uliza kwanza.

Je, unaweza kumpa msafiri azichukue mkononi? Hatari yake ni wizi. Tena, anayevuka mpaka na fedha taslimu zinazofikia dola za Marekani 10,000 lazima azitangaze kwa maofisa wa forodha.

Jihadhari

Tumia benki au kampuni yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mtu wa mitaani asiye na leseni akipotea na fedha zako, utamdai kwa karatasi gani?

Usimwambie mtu yeyote namba yako ya siri.

Kabla ya kutia sahihi, soma fomu mwenyewe. Linganisha kila herufi ya jina na kila tarakimu ya akaunti. Kosa moja huweza kuzuia fedha kwa siku nyingi. Mama yule aliona karani ameandika 6 mahali pa 8. Alimwonyesha, ikasahihishwa palepale.

Tunza stakabadhi mpaka upate habari kwamba fedha zimefika.

Maneno mapya

Fedha taslimu: fedha za mkononi, noti na sarafu.
Hati ya madai: karatasi inayoonyesha kiasi unachodaiwa.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kwamba umelipa.

Maswali

1. Kwa nini mama hakutuma fedha dukani?
2. Taja gharama mbili za kutuma fedha ng'ambo.
3. Una shilingi 960,000. Duka halitozi ada, na rupia moja ni shilingi 32. Benki inatoza shilingi 30,000, na rupia moja ni shilingi 30. Wapi zitafika rupia nyingi zaidi?
4. Mwenzako anataka kutuma fedha za matibabu India. Mwandikie orodha ya vitu vya kuchukua.